Bwana Nyusi Hafi

Tangu tuingie Maskati, harufu ya udi kwenye mwili wa mamaangu nimeisikia mara mbili tu. Ya pili ilikuwa mwaka huu, siku tuliyomkosha na kumvika sanda. Ya kwanza nlikuwa na miaka tisa, na ilinitoa nyumbani mbio mpaka pwani ya Matrah, nimevaa nguo ya sikukuu na si sikukuu. Baina ya hizo mara mbili mama hakufukiza nguo, hakujipaka mafuta ya haludi, hata harusi yangu alikuja ananuka sabuni. Watu wakisema yule Zanzibari bakhili. Nliwaacha waseme.

Miye sikusoma. Chuoni nlihitimu juzuu, skuli nliiona kwa mlango. Nna maduka ya ushoni Ruwi, nliyaanza kwa cherehani kimoja cha mkono, wakati Ruwi ni mchanga na mawe na kiwanja cha ndege, na hakuna mwanamume aliyenishika mkono. Kwa hivyo nnaandika kama nnavyosema. Anayetaka maneno ya mapambo akatafute kwengine.

Baada ya matanga tulifungua sanduku la mama, nyumbani kwangu Khuwair. Kanga, bangili, hati za zamani. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe kilichokunjwa kama anavyokunjwa mtoto mchanga, nkakuta ukurasa wa gazeti la Kizungu. Una picha nne na pindo jeusi. Nlikaa chini. Ukurasa huo nliutupa mwenyewe, kwa mkono wangu huu, na nlijua umepotea tangu siku ile ya pwani.

Babaangu alikuwa opareta wa sinema mjini Unguja. Si mwenye sinema wala si meneja. Ni yule anayekaa chumba cha juu chenye joto, anatia mikanda kwenye mashine, na mkanda ukikatika ukumbi mzima unageuka nyuma kumpigia mbinja na kumtukania mama yake. Mama yake mwenyewe, yaani bibi yangu, alikuwa mle mle ukumbini siku za zanana, siku ya wanawake watupu, na yeye akipiga mbinja kuliko wote.

Katika picha zote alizoonesha baba, sisi tulikuwa na steringi mmoja. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, kila mtu akilitamka vyake, basi watu wakamwita Bwana Nyusi. Alikuwa na unyusi mmoja, wa kushoto, unaopanda peke yake. Hakuwa msemaji. Adui anaweza kumtukana robo saa nzima, yeye kasimama tu, kofia kaisukuma nyuma. Mara ule unyusi unaanza kupanda, polepole, na wanawake mia mbili wenye mabuibui wanapiga ukelele, "Haya sasaaa!" Maana kila mtu anajua kinachofuata. Miye nlijifunza kuupandisha wangu mbele ya kioo. Haukupanda. Wa baba ulipanda vizuri sana.

Mchana, baada ya kula, kabla hajarudi kazini, baba alikuwa akijilaza mkekani anatutolea ule ukurasa. Kaupewa na meneja, Mgoa mmoja, kwenye rundo la magazeti ya kufungia vitu. Baba Kizungu hakukijua hata neno, lakini picha zile alizisoma kama barua aliyoandikiwa yeye. Ya kwanza mtoto juu ya farasi mdogo. Ya pili kijana na farasi wote wawili wako chini mavumbini. Ya tatu kasimama na mwanamke wa Kizungu mbele ya nyumba kubwa. Ya nne uso mtupu, mkubwa, na unyusi uko juu.

"Huyu kazaliwa kwa fundi viatu," baba anaanza. "Babake mkali, mkanda hautoki mkononi. Siku moja kapigwa mpaka akajikojolea, na mkubwa keshakuwa, miaka kumi na mbili. Akatoroka kesho yake."

"Maskin," anasema bibi, na anatazama pembeni.

"Kaenda mbali. Hiyo Halliwudi wakati huo ni mashamba ya machungwa, hakuna kitu. Basi akabeba makasha ya machungwa mpaka bega likaota sugu. Mpaka siku moja akapata kazi ya kuanguka."

"Kazi ya kuanguka?" mama anauliza kila mara, kama hajawahi kuisikia. "Ipo kazi ya kuanguka?"

"Ipo. Steringi wa siku hizo anaogopa kuvunjika. Anatafutwa maskini, anavishwa nguo za steringi, anaanguka yeye na farasi. Steringi anakuja kusimama akijikung'uta vumbi."

"Basi bora yeye kaandikwa kazi," anasema mama. "Sisi wengine tunaanguka hivi hivi."

Baba alikuwa akicheka mpaka mkeka unahama. Kisha anaendelea. Picha zilikuwa bubu, akatwambia, watu wanapepesa midomo tu. Siku zilipoanza kusema, masteringi wakubwa wakafungua midomo, kumbe sauti za mbuzi. Wakafukuzwa wote. Bwana Nyusi hakufukuzwa, kwa sababu hakuwa na maneno mengi, na yule steringi aliyekuwa akiangukiwa akafa kwa ulevi, basi nguo zikabaki kwa aliyezivaa. Ndivyo alivyokuwa steringi. Akajenga ile nyumba. Akaoa, akaacha, akaoa. Na ana binti mmoja.

"Yuko wapi?" nkiuliza. "Mbona hayumo kwenye picha?"

"Yupo ndani. Anakula. Anampenda huyo kuliko farasi wake wote."

"Na mwisho wake nini, baba?"

"Mwisho bado. Sasa utu uzima umemwingia, matajiri wa picha wanampa vijipicha vidogo vidogo, lakini hajali. Yuko shambani kwake. Mtu yuko hai, mwisho wake utatoka wapi?"

Sasa lipo jambo lililonitatiza. Zanana moja Bwana Nyusi alikufa. Alipigwa risasi pembeni ya reli, kofia ikabiringika, treni ikapita. Bibi alimsomea Fatiha pale pale kitini. Zanana iliyofuata nkamuona anaingia na farasi, mzima, tena kijana kuliko alivyokuwa. Nlipomuuliza baba, akaupandisha unyusi.

"Steringi hafi," akasema. "Ukimuona kafa, ujue wametuletea mikanda vuruge."

Na kweli mikanda ilikuja vuruge. Unguja tulipata picha zikishazunguka dunia nzima, ya mwisho inatangulia, ya mwanzo inakuja mwakani. Mtu mzima alilielewa hilo. Miye nlitoka na fundisho langu jengine. Kufa, nlifahamu, ni kitu kinachokuja katikati. Unalia, unakwenda nyumbani, ukivumilia wiki mbili tatu mwenyewe anatokea.

Ya Unguja yalipotokea, nyinyi wa rika langu mnayajua, na asiyeyajua siwezi kumweleza leo. Walikuja watu watatu mchana kweupe, sinia liko chini, tunakula. Baba akaomba akoshe mikono. Wakamruhusu. Akavaa kofia yake, akamwambia mama, "Mwambie meneja atafute mtu wa kuwasha mashine leo." Mlangoni akageuka akanitazama miye, si mama, si mama yake, miye. Unyusi wa kushoto ukapanda.

Nlicheka. Mungu anisamehe, wenzangu wanalia na miye nlicheka, nlitaka kupiga ukelele, "Haya sasa!"

Tukajua yuko jela. Kosa hatukuambiwa. Miezi ikapita, ikaja meli ya kuwachukua watu, na sisi tukapanda, mama, bibi na miye, kila mtu na bunda moja. Ukurasa nliutoa baba alipouweka, nkauficha kifuani chini ya gauni. Sikumwambia mtu.

Matrah tulipokewa na ami, ndugu yake baba, aliyerudishwa Oman tangu kijana. Nyumba ya udongo, vyumba vitatu, nyuma yake jabali jeusi lililokuwa likitupigia joto hata jua likishatua. Maji ya kununua kwa punda. Unga una mchanga, mchele una mchanga, ukipiga mswaki unasaga mchanga. Na wanawake wa Unguja waliotutangulia wakija kila siku alasiri kukaa na bibi na mama, na kazi yao ni moja, kulia. Anaanza mmoja: "Mwenzangu, leo nimeota mvua." Basi, imekwisha, wote wanalia. Mwengine anataja matunda ya shokishoki, wanalia upya. Ami akasema siku moja kutoka barazani, "Wallahi mngekuwa mnalilia kisimani tusingenunua maji."

Hilo la kulia mlishike, maana ndilo lililonipotosha.

Ami alikuwa na binti wa umri wangu, Ghaniya, Kiswahili chake cha kuokota na Kiarabu changu cha kuokota, tukakutana katikati. Sinema hajaiona maishani. Maskati haikuwepo, hata redio watu wakiisikiliza kwa kunong'onezana. Nlimweka kwenye ngazi ya kupandia juu, nkamweleza kitambaa cheupe cha sinema, nkamkunjulia ukurasa, nkaanza, "Huyu kazaliwa kwa fundi viatu."

"Anakaa wapi huyo? Ndani ya kitambaa?"

"Juu yake. Kama kivuli."

"Kivuli kina farasi?"

"Kina farasi, kina bunduki, kinasema."

"Jinni huyo, we Zinjibariya. Unasimulia majini, ntamwambia babaangu."

"Jinni weye na pua lako hilo."

Lakini kesho yake yuko ngazini kabla yangu. Nlimsimulia makasha, nlimsimulia kuanguka, nlimsimulia sauti za mbuzi, na kila tukifika mwisho wa alipoishia baba, Ghaniya ananikamata mkono. "Halafu?" Nami kwa kukosa la kusema nkaanza kutia yangu. Bwana Nyusi kauza shamba. Bwana Nyusi kasikia kuna opareta mmoja Unguja kafungwa bure. Bwana Nyusi kapanda meli. Baada ya siku chache hao wawili wako pamoja, wamevunja mlango wa jela, wako njiani wanakuja Matrah. Nlipokuwa nikisema hivyo sikuwa nadanganya. Nlikuwa nasubiri.

Siku moja akaja mgeni wa ami, mtu wa Unguja aliyeshuka karibuni. Aliingia barazani, akapewa kahawa, akatoka kikombe kimejaa. Sijawahi kuona mtu anaiacha kahawa ya ami. Ami akaja mpaka mlango wa ndani, akamwita mama yake, bibi yangu, kwa sauti ndogo. Kisha mke wa ami akanitia kikapu mkononi, "Nenda kwa bibi wa pale juu, mwambie akupe ndimu kavu." Ndimu tulikuwa nazo gunia.

Nliporudi wanawake wamejaa, wanalia. Nkamuuliza bibi, "Leo wanalia nini?"

Bibi alikuwa kajifunika kanga mpaka kichwani. Akasema ndani ya kanga, "Wanalilia Unguja."

Nkaenda zangu kucheza. Nambieni nyinyi, nyumba iliyolia kila siku miezi sita, mtoto angejuaje kama leo pana maiti?

Mama hakutoka tena chumba cha nyuma. Bangili wakamvua, hereni wakamvua, chupa ya haludi na kijiti cha wanja vikafungiwa sandukuni. Chetezo cha bibi cha kufukizia udi, kile cha udongo tulichotoka nacho Unguja, kikageuzwa juu chini kwenye rafu. Ami akawa hapiti hata ua wa ndani, akitaka kitu anakohoa mbali na kumwita mkewe. Nkadhani kagombana na mama. Neno eda nlilijua kama mtoto anavyolijua, ni jambo la vikongwe wa mitaa mingine. Nkamwendea bibi tena.

"Kwa nini mama hatii wanja?"

Bibi akajifunga kanga upya. Baba alikuwa mtoto wake, msisahau, aliyemzaa yeye. Akasema, "Mama yako kaviweka. Hajipambi mpaka siku yake ifike."

"Siku ya baba kuja?"

Hakusema ndiyo. Lakini alinivuta akanitia kifuani kwake, na miye nkaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Miezi minne na siku kumi za eda ya mjane, ukiondoa zile siku ambazo khabari ilikuwa njiani. Leo nazihesabu. Wakati ule nlijua tu kuwa kuna sanduku limefungwa, na siku litakapofunguliwa baba kafika. Ghaniya aliacha kuniita Zinjibariya. Alianza kunipa fungu lake la halwa. Nkimsimulia safari ya Bwana Nyusi na baba, haulizi tena "halafu", anakwaruza ngazi kwa ukucha. Hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa na akili.

"Mbona husikilizi?"

"Nasikiliza."

"Wamefika kisiwa gani jana? Sema."

"Sijui." Macho yake yamejaa. "Babaangu kasema nkifungua mdomo ataukata ulimi wangu."

Nkamwambia, "Usiogope, babaangu akija atasema na babaako."

Halafu asubuhi moja nliamshwa na harufu. Bibi yuko uani, chetezo kimekaa sawa, makaa mekundu, na anatia udi kipande kipande. Mama kakoshwa, nywele zinachuruzika. Wanawake wawili wanamshikia nguo mpya juu ya moshi. Sanduku limefunguliwa. Nkaona bangili moja inaingia mkononi, ya pili, ya tatu. Nkaona wanja. Nkamuona mama mzuri kama alivyokuwa siku za zanana. Kasimama kama mti, anavishwa, hasaidii hata mkono kuuinua, na hilo nliliona nkaliacha, sikuwa na haja nalo.

Hakuna aliyenambia kitu. Nlivaa gauni langu la Idi, nkatoa ukurasa chini ya mkeka, nkatoka mbio. Siku hiyo, kwa bahati yangu mbaya, meli ilikuwepo kweli. Ilitia nanga mbali, na mashua zikileta abiria pwani kumi kumi.

Nlimtazama kila mwanamume. Nlisogea mpaka maji yakanifika magotini na gauni la Idi likalowa. Mashua ya mwisho ilipomwaga watu nkamwendea karani. Alikuwa Mhindi mtu mzima, kakaa chini ya turubai na daftari lake la majina, miwani imefungwa uzi. Alikulia Mombasa, Kiswahili alikijua.

"Nani unangoja, binti?"

Nkamtajia jina la baba. Akapitisha kidole kurasa mbili. "Hayumo."

"Tazama vizuri. Mrefu. Anafanana na huyu." Nkamwekea ukurasa juu ya daftari.

Yule mzee uso ulimfunguka kama kaletewa mchumba. "Arre! Huyu! Mimi ilisimama Bombay mvua inanyesha, viatu imejaa maji, kumuona huyu tu. Unyusi yake, eh?" Akajaribu kuupandisha wake, ikapanda miwani. Nkacheka. Akaanza kusoma, na midomo inamtikisika, na kidogo kidogo uso ukajifunga.

"Nani amekupa hii?"

"Babaangu. Maisha yake yote yamo humo. Hayajesha bado."

"Yamekwisha," akasema. Akaniwekea kidole kwenye pindo jeusi. "Hii wanaweka mtu akifa. Gazeti ya kifo, binti. Angalia mwaka hapa juu. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Mwongo! Nlimuona kwa macho yangu! Nliona anavua kofia!"

"Picha uliona," akasema pole pole. "Picha haijui kama mwenyewe amekufa."

Pindo lile baba alilifikiria pambo. Nlisimama juani nkazikumbuka zanana zote, wanawake mia mbili wanapiga ukelele, na yule bwana anashuka kwenye farasi, anaupandisha unyusi, na kumbe siku zote hizo yuko chini ya udongo. Na baba kule juu na joto lake, anamuwashia taa maiti.

Ami akaja. Nlimuona anakimbia, na ami hakuwa mtu wa kukimbia, viatu kavishika mkononi. Akafika kwangu hana pumzi.

Nkamwambia, "Ami, huyu anasema Bwana Nyusi kafa."

"Nani?"

"Steringi wa baba. Anasema kafa zamani." Akanitazama, hakuelewa chochote. Nkauliza lile lililokuwa limebaki. "Basi na baba?"

Ami akamtazama karani. Karani akatazama daftari lake. Ami akachutama mchangani, mtu mzito kama yule, macho yake yakawa sawa na yangu. Alikuwa na uwongo mdomoni, nliuona. Hakuusema.

"Na baba, mwanangu."

"Lini?"

"Mama yako leo katoka eda."

Nkarudi nyuma peke yangu, siku kwa siku. Kikombe cha kahawa. Ndimu kavu. Bangili. Halwa ya Ghaniya. Nkamuuliza, "Basi ule udi wa nani?"

Ami akanyosha mikono kunishika. Ukurasa nkautupa mchangani. Akanibeba, miye mkubwa wa miaka tisa, mbele ya makuli wote wa Matrah.

Nyumbani wanawake wamekaa duara, mama katikati, kahawa na halwa. Chumba kimejaa moshi mtamu. Nlisimama mlangoni na gauni lililolowa, nkasema mbele ya wote, "Kwa nini unanukia?"

Mama akaniangalia gauni, akaiangalia miguu yangu ya mchanga. Akamgeukia bibi. "Mlimwambia nini mtoto?"

Bibi akavuta kanga usoni.

Mama akainuka. Akapita mbele yangu, akaenda uani kwenye mtungi wa maji, maji ya kununua yale, akajimwagia kata ya kwanza na nguo zake mpya. Ya pili. Ya tatu. Wanja ukateremka mpaka kidevuni. Mke wa ami akamkimbilia, "Mwenzangu, maji! Una wazimu?" Mama hakusimama mpaka mtungi ulipolia mtupu. Nami nlikuwa nimesimama pale namtazama, na sikumzuia. Nliona sawa. Nlitaka imtoke ile harufu yote, na akaitoa, na hakuitia tena mpaka tulipomtia sisi wenyewe. Kwa uhai wake wote hatukulitaja, si yeye si miye. Angenambia neno moja ningemwangukia miguuni. Hakunambia, na miye si mtu wa kuanza.

Kumbe ukurasa ami aliuokota. Kumbe alimpa mama.

Wiki iliyopita nlimpa mjukuu wangu Raya, amesoma huyu, chuo kikuu, nkamwambia nisomee yote, usiruke. Akakaa, akanisomea. Bwana Nyusi kazaliwa nyumba kubwa, babake hakimu. Hakutoroka popote, kapelekwa skuli za matajiri. Makasha hayamo. Machungwa hayamo. Farasi alikuwa akiwaogopa tangu mdogo, na maisha yake yote kulikuwa na mtu mwengine aliyekuwa akianguka badala yake, jina lake halikuandikwa. Mke mmoja. Mtoto hakupata.

"Sasa bibi, hayo uliyokuwa ukitusimulia ya fundi viatu ni ya nani?"

Babu yangu, mume wa bibi, alikuwa akishona viatu vya makubadhi Unguja. Hilo nnalijua. Zaidi ya hilo sijui kitu. Kama mkanda ulikuwa wake, kama baba alitoroka, kama alibeba machungwa, wapi alikoanguka na mara ngapi, sina wa kumuuliza. Bibi yuko Matrah chini ya mawe, ami yuko pembeni yake. Mama ndiye aliyekuwa kabaki anajua, na tulikaa nyumba moja miaka yote ile, jikoni moja, nami nkawa nanyamaza kwa kiburi.

Raya akachukua simu yake akabonyeza. "Tazama bibi, mpaka kaburi lake limo." Akanisogezea. Jiwe jeupe, jina refu lile lile, nyasi zimekatwa, na mtu kaweka maua, mabichi, ya juzi juzi. Hata njia ya kufikia imeandikwa, ukishapita lango kata kushoto.

"Na la babaako liko wapi?" akaniuliza. "Nlitafute?"

Nkamwambia zima hiyo simu.